Jina Lililofumuliwa

Koti ndilo lililoleta balaa, kwa hiyo tuanze na koti. Lilikuwa koti la kazi, la kijivu, jipya kabisa, na juu ya mfuko wa kifuani lilikuwa na herufi tatu za Kichina zilizodariziwa kwa uzi wa bluu. Aliyezidarizi ndiye aliyelivaa: mwendesha mashine ya kudarizi ambaye kiwanda kizima kilimwita Sindano, nusu kwa sababu ya kazi yake na nusu kwa sababu ya ulimi wake. Mchana huo ulimi ulikuwa umelala. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano, mtandio ameushusha ukafunika kifua, akisubiri zamu yake ya mtihani.

Na usimwone mwoga. Mtihani wenyewe haukuwa wa mchezo. Kiwanda kilikuwa kimeleta mashine mpya za kudarizi, kubwa, zinazojiendesha zenyewe, moja inameza kazi ya chumba kizima. Nafasi mpya ilikuwa moja tu, ya mkalimani wa kukaa kati ya mafundi Wachina na wafanyakazi, na mfanyakazi yeyote aliruhusiwa kuigombea. Waendeshaji wa zamani ambao wangeikosa wangerudishwa ukumbi wa kukata vitambaa. Sasa ukumbi ule una vumbi la pamba linaloelea hewani kuanzia asubuhi mpaka jioni, na Sindano ana pumu. Aliwahi kufanya kazi humo. Siku ya mwisho alitolewa mzobemzobe, midomo imebadilika rangi, na daktari akamwambia waziwazi kwamba akirudi mle asije tena kwake kulalamika. Wenzake walikuwa wanagombea cheo. Yeye alikuwa anagombea pumzi.

Mtahini alikuwa Mwalimu. Mama wa Kichina, mvi zimeanza kumjaa, mwili mdogo, sauti ndogo, ila akikukazia macho unajikuta umesimama wima. Kazi yake hasa ilikuwa ufundi mkuu wa mashine. Kichina alikifundisha jioni kwenye ukumbi wa chakula, kwa hiari yake, na alikuwa na sharti moja lililowatesa wanafunzi kuliko masomo yote: kila mtu achague mwenyewe jina lake la Kichina, alishone kwenye koti, na siku ya mtihani swali la kwanza litakuwa hilo. Unaitwa nani, na kwa nini. Walimwomba awapangie majina, akakataa katakata.

"Mimi nikikupa jina," alisema kwa Kichina, "utalivaa kama kofia ya kuazima. Kila mtu atafute lake."

Basi wakatafuta, na jamani, waliyoyapata! Mpiga pasi mkuu, jitu la miraba minne ambalo wote walilizoea kwa jina la Pasi, alikuja na jina refu lenye maana ya Joka la Dhahabu Mfalme wa Mawingu. Mwalimu akamuuliza kwa upole, mama yako akitaka kukutuma chumvi dukani ataanzia wapi? Darasa likavunjika mbavu. Karani wa stoo, binti mwenye miwani aliyekariri kitabu chote mpaka namba za kurasa, alinakili jina lake kutoka kwenye boksi moja zuri lililokuja na mashine. Mwalimu alipolisoma alicheka mpaka akavua miwani, kwa sababu binti wa watu alikuwa amejiita Usiweke Mahali Penye Unyevu.

Sindano alicheka nao, lakini kwa juu juu tu. Yeye jina alikuwa nalo tayari, na alikuwa amelificha asimwambie mtu, hata dada yake wa kuzaliwa.

Alilipata hivi. Miezi kadhaa nyuma Mwalimu alifiwa na mama yake huko kwao, na mambo ya safari yakamwendea kombo, hakuwahi mazishi. Aliendelea kuja kazini kama kawaida, amenyooka, macho mekundu. Siku moja akaingia chumba cha darizi na kikaratasi chenye herufi tatu na kitambaa cheupe cha kuweka mbele ya picha. "Mama yangu," alisema akigusa karatasi, na hakusema zaidi. Sindano akaidarizi kazi ile kwa moyo wake wote, kila mshono akaukagua. Mwalimu alikipokea kitambaa kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akatoka. Kitambaa kikaenda, lakini mashine ya darizi huwa haisahau. Mchoro wa zile herufi ulibaki ndani yake, na Sindano akatafuta kwenye simu namna zinavyosomeka.

Sasa ili umwelewe, lazima ujue alivyolelewa. Sindano alipozaliwa alipewa jina la bibi yake mzaa baba, na tangu siku hiyo baba yake hakuwahi kumwita vingine ila "mama". Mtoto wa kutambaa, anaitwa mama. Akiingia sebuleni, baba anasogea kumpisha kiti. Akivunja sahani, wadogo zake wangekula bakora, lakini yeye anaambiwa, "Mama, leo umeniudhi," na bakora inarudi nyuma ya mlango. Katika nyumba ile kubeba jina la marehemu ilikuwa ni kumrudisha mezani, watu wakala naye tena. Ndiyo maana alipomwona Mwalimu na yale macho mekundu alifikiri, nitamrudishia mama yake. Aone jina linatembea, linacheka, linafanya kazi. Aliwaza hivyo kwa dhati. Na tusimpake mafuta: aliwaza pia kwamba mtahini mwenye moyo hawezi kulipeleka jina la mama yake kwenye ukumbi wa vumbi.

Basi yuko pale kwenye benchi. Pasi ameshatoka, anajifuta jasho na kuapa kwamba Kichina kilitungwa na adui yake. Karani yuko ndani. Ndipo akatokea Fundi Umeme, mume wa dada yake, shemeji mwenye maneno mengi na roho safi. Huyu alikuwa amesomeshwa Uchina mwaka mzima na ndiye aliyekuwa akitafsiri kiwandani mpaka alipohamishiwa kiwanda cha pili. Alikuwa amekuja kumtia moyo.

"Shemeji, mbona umejifunika kama bibi harusi? Hebu nione hilo jina la siri."

Sindano akasogeza mtandio kidogo. Shemeji akainama kusoma, bado anatabasamu.

"Ukoo huu si ndio wa Mwalimu?"

"Ndio, aliurithi kwa mama yake. Na jina lote ni la huyo mama, yule marehemu."

Tabasamu likamtoka shemeji. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaketi kwenye benchi pu!

"Toba. Shemeji, umefanya nini?"

"Nimemheshimu. Nimefanya nini kingine?"

"Sikiliza. Wale watu jina la mzazi hawalitaji. Mtoto hamwiti baba yake jina wala mama yake jina, akiwa hai wala akiwa amekufa. Na mtoto mchanga hapewi jina la mkubwa, hata kidogo, hata herufi moja watu wanakwepa. Mimi kule nilikaribishwa nyumbani kwa rafiki yangu, nikataka kujipendekeza, nikamwambia nikipata mtoto wa kiume nitamwita jina la baba yako. Mzee mwenyewe amekaa pale. Shemeji, vijiti vya kulia vilisimama hewani! Kwao ni kama umemchukua mzee wa watu umemfanya mtoto wa kutumwa. Sikukaribishwa tena."

Sindano akalishika koti kifuani. Alitaka kumbishia, alitaka kumwambia acha chumvi zako, lakini aliuona uso wa shemeji yake, na uso ule haukuwa na mzaha hata chembe. Akakumbuka Mwalimu alivyogusa ile karatasi bila kuisoma. Kifua kikaanza kubana, na hakuna vumbi pale.

"Nifanyeje?"

"Fumua. Sasa hivi. Ukoo uache, ukoo wanao mamilioni ya watu. Hizo mbili za mwisho toa. Na ukiulizwa, sema unaitwa Mei. Maana yake uzuri. Wamejaa tele kule, nani atakushika?"

"Na nikiulizwa kwa nini?"

"Sema kwa sababu wewe ni mzuri."

"Mwongo mkubwa wewe."

"Uongo wa dharura. Fumua, mke wangu akija kusikia umerudishwa kwenye vumbi sitalala kwangu."

Akavua koti, akaligeuza upande wa nyuma, akatoa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi unaokaa mfukoni mwake siku zote. Waliowahi kudarizi wanaijua kazi hii. Kushona ni kwa mashine, kufumua ni kwa mkono, na mshono mzuri ndio mgumu zaidi kufumua. Sindano alikuwa ameushona huu vizuri kuliko mshono wowote wa maisha yake. Alikata nyuzi za nyuma, akageuza mbele, akavuta, nyuzi zikaja vipande vipande zikamwangukia mapajani. Mara mbili mkasi uliteleza ukamchoma, akanyonya kidole asije akachafua kitambaa kwa damu. Shemeji amesimama akimkinga watu wasione, anasema haraka, haraka, na kila akisema haraka Sindano anatamani kumtupia kiatu.

Herufi ya pili ikatoka yote. Akaanza ya tatu, akafika nusu. Mlango ukafunguliwa, Karani akatoka akiwa na uso wa mtu aliyejibu kila kitu, na sauti ya Meneja ikamfuata nyuma yake.

"Mwingine! Jamani nina kikao!"

"Vaa," shemeji akanong'ona. "Jifunike. Mei. Usisahau, Mei."

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, feni inayolia, na watu wawili tu. Mwalimu amekaa upande wa dirisha, mikono imepangwa juu ya meza. Meneja, bwana mnene mwenye haraka za kudumu, amekaa kwenye kona na simu mbili mbele yake. Kichina cha Meneja kilikuwa salamu na asante, basi. Kiswahili cha Mwalimu kilikuwa cha mashineni: simamisha, endelea, bado, haraka. Ndiyo sababu mkalimani alikuwa anatafutwa.

Sindano akasimama mbele ya meza. Mwalimu akamtazama kwa namna iliyokuwa karibu na tabasamu, kwa maana katika darasa lote huyu ndiye aliyekuwa akimpenda, na wote walijua.

"Unaitwa nani?" aliuliza kwa Kichina.

"Naitwa Mei."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... kwa sababu napenda vitu vizuri."

Jibu la mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu akasubiri kidogo kama anayetarajia kuna lingine linakuja. Halikuja. Karibu-tabasamu likazimika.

"Nionyeshe koti."

Hapo ndipo Sindano alipotamani sakafu ipasuke immeze. Mkono ulikwenda kwenye mtandio, ukasita, ukaenda tena. Mtandio ukashuka.

Mtu mwingine angeona koti lililoharibika. Lakini Mwalimu alikuwa ameishi na darizi maisha yake yote. Aliuona ukoo, mzima. Aliyaona matundu ya sindano palipokuwa na herufi ya pili, yamejipanga vilevile kama nyuzi zilivyokuwa. Aliiona nusu ya ile ya tatu, nyuzi zinaning'inia. Alisimama polepole, kiti kikakwaruza sakafu, na mkono wake mmoja ukashika ukingo wa meza.

Feni inalia. Meneja akainua kichwa kutoka kwenye simu.

"Vipi? Mbona mmenuniana? Kama maswali yameisha tuingie kwenye tafsiri. Mwalimu aseme chochote, wewe unitafsirie. Tafadhali, nina kikao."

Akaashiria kwa mkono, sema, sema. Mwalimu alielewa. Hakumwondolea Sindano macho alipoanza kuzungumza, na alizungumza polepole, akitamka kila neno, kama alivyofanya darasani alipotaka hata mwanafunzi wa nyuma asikie.

"Mwambie Meneja hivi. Mwanamke huyu ameingia hapa na uongo."

Nakuuliza wewe unayesoma, ungefanyaje? Meneja hajui kitu. Mwalimu hajui Kiswahili cha kutosha kumkamata mtu. Katikati yuko mmoja tu mwenye lugha zote mbili, na huyo ndiye anayekwenda na maji. Angeweza kusema Mwalimu anasifu mashine mpya. Angeweza kusema Mwalimu anaulizia kikao. Maneno ya namna hiyo yalimjia tele, yakajipanga mdomoni, matamu kabisa.

Akamgeukia Meneja. "Anasema mwanamke huyu ameingia hapa na uongo."

"Mwanamke gani?"

"Mimi, Meneja."

Meneja akaiweka simu chini.

"Jina alilovaa kifuani," Mwalimu akaendelea, "ni la mama yangu aliyefariki. Amelivaa bila kuniuliza. Alipoona ni kosa, amelikatakata kwa mkasi."

Sindano akalitafsiri lote. Alipofika kwenye kukatakata, sauti ilimpasuka, lakini neno hakulibadilisha.

"Mwambie mimi toka nizaliwe sijawahi kulitamka jina hilo. Nikiwa shuleni waliponiuliza mama yako nani, niliandika kwenye karatasi. Na huyu alitaka watu wote wa hapa walitamke. Yule wa pasi alipigie kelele ukumbini, lete uzi! Wewe Meneja ulitumie kumgombezea mfanyakazi aliyechelewa. Mama yangu afokewe kila siku mbele yangu."

Hilo Sindano hakuwa amelifikiria, hata siku moja. Alikuwa ameliona jina linatembea, linacheka. Hakuwa ameliona linafokewa. Aliposimama pale na kulazimika kulisema kwa lugha yake mwenyewe, likamwingia, akaona haya mpaka masikio yakawaka. Akatafsiri, neno kwa neno, na alipomaliza machozi yalikuwa yamefika, ila hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imeshikana nyuma na haikutaka kuachana.

"Aa, hapo umeharibu, dada," alisema Meneja, na kwa mara ya kwanza hakuonekana mtu mwenye haraka. "Mama wa mtu tena? Hebu muulize kwa nini."

"Nimuulize nani? Mwenye kosa ni mimi."

"Basi jiulize, ujijibu! Mjibu kwa Kichina, kisha unitafsirie na mimi. Si ndiyo kazi unayoitaka?"

Hapo sasa. Kwa swali la jina alikuwa amejiandaa wiki nzima, sentensi zimenyooka, zimepigwa pasi. Zote zilikuwa za jina lile, hazikufaa tena. Ikabidi aokoteze maneno palepale. Kichina chake kikaanza kuchechemea. Alisema kwao yeye alipewa jina la bibi. Alisema baba yake alimwita mama. Akakosea, akarudia, akalitafuta neno la kumpisha mtu kiti akalikosa, akashika kiti kilichokuwa mbele yake akakisogeza, kama baba yake alivyokuwa akisogeza. Alisema katika nyumba yetu jina la marehemu halifokewi. Anayelibeba haguswi. Alisema, nilidhani na kwenu ni hivyo. Sikuuliza. Nilidhani heshima ni moja kila mahali.

Halafu akamgeukia Meneja na kuyasema yote kwa Kiswahili, hata yale ya kukosea na kurudia.

Mwalimu alikuwa bado amesimama. "Ulitaka nikuonee huruma," alisema, "ili nikupe kazi."

Neno hilo lilikuwa kisu, na Sindano alijua. Akitikisa kichwa, labda ataaminiwa. Alifikiria ukumbi wa kukata, hewa nyeupe, na kifua chake kikamkumbusha kwa kubana tena.

"Nusu," alisema. "Nusu ilikuwa hiyo. Mle ndani kwenye vumbi siwezi kupumua, Mwalimu. Niliogopa. Nusu nyingine ilikuwa kwa ajili yako."

"Umesema nini?" Meneja akauliza. Akamtafsiria, pamoja na ile nusu mbaya, nayo ilimuuma zaidi kwa Kiswahili.

Mwalimu akazunguka meza. Alikuja taratibu mpaka akasimama mbele ya Sindano, kichwa chake kikiwa usawa wa bega lake, akayatazama yale matundu kwa muda. Alipozungumza hakumwambia amtafsirie Meneja.

"Baba yako alipokuita mama, wewe ulimwitaje?"

"Nilimwita mwanangu."

"Baba yako? Mwanangu?"

"Ndiyo. Tangu nilipoanza kusema. Watu walicheka, yeye aliitika."

"Yuko hai?"

"Hapana." Sindano akavuta pumzi, ikaja nusu. "Alipokuwa anaondoka nilikuwa nimemshika mkono. Aliniuliza, mama, nilale? Nikamwambia, lala mwanangu. Akalala."

Kichina chake hapo hakikukosea hata neno moja, kwa kuwa maneno yalikuwa madogo, ya mwanzo wa kitabu. Mwalimu akafumba macho. Mdomo ulimtetemeka, akaukaza, ukatetemeka tena, na huyu mama ambaye hakuna mtu kiwandani aliyewahi kumwona akilia akageukia dirisha, akawapa mgongo wote wawili. Meneja akawa hajui aangalie wapi, akaangalia viatu vyake.

Aliporudi, alikuwa na mkasi wake mkononi, ule mdogo wa fundi. Sindano akajikaza. Mwalimu akaishika sehemu ya kifua ya lile koti, akaivuta kidogo kutoka mwilini, akaanza kufumua nusu iliyobaki. Hakuvuta ovyo. Alikata uzi mmoja mmoja, akautoa, akauweka kwenye kiganja chake, na mwingine, na mwingine. Ncha ya mkasi ilikuwa inapita kwenye kitambaa juu ya moyo wa Sindano, na Sindano aliuzuia mwili usitikisike. Hata Meneja, simu yake ilipolia, aliizima.

Uzi wa mwisho ulipotoka, Mwalimu alizikunja nyuzi zote ndani ya kitambaa chake cha mkononi, akakitia mfukoni. Kisha akasema, macho yakiwa bado kwenye koti, "Tafsiri. Jina hili linabaki kwangu, halivaliwi na mtu. Mwambie."

"Anasema jina hili linabaki kwake, halivaliwi na mtu."

"Mwambie mkalimani niliyekuwa namtafuta ni mtu asiyepunguza neno, hata neno lenyewe likimchoma yeye. Wale wengine wawili walinisomea kitabu. Kwa hiyo asitafute mtu mwingine."

Sindano akaanza kwa mdomo wa kazi, kama mashine: "Anasema mkalimani aliyekuwa anamtafuta ni mtu asiyepunguza neno, hata neno lenyewe likimchoma yeye. Anasema wale wengine wawili walimsomea kitabu. Anasema kwa hiyo usitafute..." Akakwama. Akashika kile kiti alichokisogeza.

"Nisitafute nini?"

"Usitafute mtu mwingine, Meneja."

"Yaani kazi ni ya nani?"

"Ni yangu."

Aliposikia sauti yake mwenyewe ikilisema hilo, kifua kilifunguka, hewa ikaingia mpaka chini kabisa. Alilia waziwazi sasa, na hakujali.

Meneja akakuna kichwa. "Haya, mimi sina neno, chombo ni chake. Lakini kitambulisho lazima kiwe na jina la Kichina, na koti lenyewe limebaki na ukoo tu. Ataitwa nani?"

Sindano akatafsiri. Mwalimu akachukua kalamu ya Meneja pale mezani, akachana pembe ya gazeti, akaandika. Alisema kwao walizaliwa wasichana watatu, na majina yao wote yana herufi moja inayofanana katikati, ndivyo ukoo wao unavyowatambua watoto wa rika moja. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho. Hakuwahi kuwa na mdogo. Akaweka ukoo wake mwanzo, hiyo herufi ya ndugu katikati, na mwisho akaandika herufi ya pumzi. Akamkabidhi Sindano kile kipande kwa mikono miwili. Sindano, ambaye aliwahi kumwona akipokea kitu hivyo, akapokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa.

"Kasemaje?" Meneja akauliza.

"Anasema mimi ni mdogo wake."

"Ala! Leo mnagombana, leo mnazaliwa tumbo moja. Sasa watu wa ofisini hawatasema ni upendeleo?"

Sindano akalitafsiri na hilo. Mwalimu akajibu kwamba kazi aliitoa kwanza, undugu umekuja baadaye, aandike hivyo kwenye ripoti. Kisha akamgusa Sindano bega, mguso mwepesi, akachukua miwani yake na kutoka kwa mlango wa nyuma, unaoelekea mashineni, mkono mmoja ukiwa mfukoni juu ya kile kitambaa.

Meneja alikusanya simu zake. Kikao kilikuwa kimempita na hakuonekana kujuta. Alifika mlangoni akageuka, udadisi umemshinda.

"Hivi kwa faida yangu tu, dada. Hilo jina mlilofumua, lenyewe lilikuwa linasomekaje?"

Sindano alilijua vizuri. Alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo, akipika, akioga, mpaka ulimi ukalizoea.

"Halitamkwi, Meneja," alisema. "Ni la mama."